Mji Uliosomwa Kabla ya Kusoma

Ukitoka Goma kuelekea magharibi, upande wa Mugunga na Bulengo, kuna mabonde madogo ambayo mwenyeji haingii alfajiri. Asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala, mbuzi aliyeshuka kutafuta majani hukutwa amelala ubavu bila jeraha. Kando yake ndege wawili watatu, pengine mjusi. Kaboni dioksidi hutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya shimoni kama maji katika bakuli. Haina rangi. Anayeinama ndani yake hapati muda wa kumwita mwenzake. Wenyeji huiita mazuku.

Neno hilo halikubaki Goma. Wanajiolojia waliokuja kupima gesi walilichukua kama walivyolisikia vinywani mwa watu, na leo majarida ya sayansi ya Ulaya na Marekani huliandika hivyohivyo, mazuku, bila tafsiri. Nalitaja mwanzoni kwa sababu historia ya elimu ya mji huu imo ndani yake. Habari za Goma, mlima wake na ziwa lake, zilianza kusafiri kwenda vyuo vya mbali miaka mingi kabla mji wenyewe haujapata ukumbi mmoja wa chuo kikuu.

Aliyeanza kuzisafirisha alitokea pwani ya Waswahili. Desemba 1893 Gustav Adolf von Götzen, ofisa wa jeshi la Ujerumani, aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi, akavuka Rwanda ya mwami Rwabugiri, na katikati ya 1894 akapanda Nyiragongo, mlima wa mita zipatazo 3,470, kisha akateremka hadi ziwa Kivu. Mwaka 1901 alirudi Afrika akiwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni chini ya utawala wake vita vya Majimaji vilipolipuka 1905. Kupima milima na kutawala watu vilikuwa bado kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels wakaigawa nchi hii ya volkano. Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma kwa Wabelgiji, vituo viwili vikitazamana kando ya maji yaleyale. Mwaka 1925 misitu na milima ya kaskazini ikatangazwa hifadhi na kupewa jina la mfalme Albert. Ndiyo Virunga ya leo. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alilishuhudia ziwa la lava likichemka ndani ya kreta ya Nyiragongo, na baadaye picha na maandishi yake vikaufanya mlima huu ujulikane duniani. Mtoto aliyezaliwa Goma mwaka huo, na aliyeuona usiku ule mwekundu juu ya paa la kwao tangu utotoni, hakuwa na shule ya kumweleza kwa nini anga inawaka.

Kwa hilo Goma haikuwa peke yake. Ukoloni wa Kibelgiji ulijenga shule nyingi za msingi, ukaishia hapo. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, sasa Kinshasa, mwaka 1954 chini ya Kanisa Katoliki, kikifuatiwa na chuo cha serikali cha Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1956. Uhuru ulipofika Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta aliyejisomea. Mwaka 1961 Étienne Tshisekedi alimaliza sheria Lovanium, na nchi ikapata mwanasheria ambaye baadaye angekuwa mpinzani mkaidi kuliko wote wa rais Mobutu. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo chao Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Nchini, hicho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na Goma, na ukaribu wenyewe ulikuwa mamia ya kilomita za msitu.

Mobutu aliwaogopa wanafunzi, na aliwaonyesha hivyo. Tarehe 4 Juni 1969 askari wake waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa kudai malipo bora ya masomo. Miaka miwili baadaye, wenzao walipojaribu kuwakumbuka waliouawa, alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu. Agosti 1971 vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, jina la Kongo enzi za Mobutu, na masomo yakagawanywa kwa miji. Fasihi, sayansi ya jamii na elimu ya miamba zilipelekwa Lubumbashi, elimu ya malezi na saikolojia Kisangani, kilimo Yangambi, udaktari na sheria Kinshasa. Kijana wa Kivu hakuchagua mji wa kuishi. Somo ndilo lililomchagulia mji. Aliyetaka kuujua mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yao ilimlazimu kwenda Katanga, kusini kabisa ya nchi, akasome miamba kati ya migodi ya shaba.

Mlima haukumsubiri arudi. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za Nyiragongo zilipasuka na ziwa zima la lava likamwagika kwa muda usiozidi saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hukimbia kama uji usioiva vizuri. Siku ile ilishuka mitelemko kwa kasi ya kilomita makumi kwa saa, ikavifuta vijiji vya kaskazini na watu waliokuwemo. Chuo cha Taifa kilivunjwa tena kuwa vyuo vitatu mwaka 1981, lakini Goma ilibaki bila kitu.

Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1980, na hayakutoka Kinshasa. Mwaka 1985 makanisa ya Kiprotestanti ya Kivu yalifungua Goma Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ambacho kila mtu mjini hukiita kwa herufi zake za Kifaransa, ULPGL. Lisome jina hilo polepole. Hawakukiita chuo cha Kivu wala cha Zaire. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, palikuwa na makao makuu ya jumuiya ya uchumi ya Zaire, Rwanda na Burundi iliyoundwa 1976, na waanzilishi walikuwa wakiota mji wa mpakani ambao vijana wa nchi tatu wangekaa benchi moja. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa ndoto nzuri zaidi zilizowahi kuotwa katika mji huu, na hasira yangu kwa yaliyofuata inatokana nayo.

Mwaka 1986 Goma ikapata pia kituo chake cha kuchunguza volkano, na mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, ikawa makao makuu ya mkoa. Maofisa, wafanyabiashara na wakimbizi wa vijijini wakamiminika. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikififia. Mshahara wa profesa ulikuwa karatasi. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walivamiwa na kuuawa katika mabweni ya Lubumbashi, na wazazi wengi wa mashariki wakajiuliza kwa nini waendelee kuwapeleka watoto mbali. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua tawi Goma, mwaka uleule ambao mapigano ya kikabila yaliwaka Walikale na Masisi.

Tawi hilo liliishi kwa njia ambayo kila aliyesoma Kivu anaijua. Mzazi huuza ng'ombe au maharage alipe minervali, yaani ada ya masomo. Minervali inamlipia profesa tiketi ya ndege kutoka Kisangani au Kinshasa. Profesa hutua, hufundisha kozi ya muhula mzima kwa wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, hutunga mtihani, huondoka. Katikati ya ziara hizo maasistanti ndio wanaolishika chuo. Watu wa nje huuona mpango huo kuwa duni, na kweli una kasoro nyingi, lakini ni chuo cha serikali kilichojengwa na mkulima wa Rutshuru kwa pesa zake, mwaka hadi mwaka. Simjui mfadhili mkubwa kuliko huyo.

Kisha Julai 1994. Kwa siku chache, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao 800,000 na zaidi walivuka mpaka na kujaa Goma, raia pamoja na wauaji na jeshi lililoshindwa. Ardhi ya lava haichimbiki kwa jembe: haikutoa vyoo, haikutoa makaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ndoto ya benchi moja la nchi tatu ilifia katika kambi za Mugunga, Kibumba na Katale. Miaka miwili baadaye vita vilivuka mpaka kuwafuata. Novemba 1996 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, na Mei 1997 Kinshasa ikafuata.

Hapa inanilazimu kusimama, kwa sababu sehemu inayofuata ni ya watu wa vitabu.

Tarehe 2 Agosti 1998 Goma iliasi dhidi ya Kabila, na siku chache baadaye uasi ule, RCD, ukamtaja rais wake. Alikuwa profesa wa historia. Ernest Wamba dia Wamba alizaliwa 1942 magharibi kabisa mwa nchi, kwa Wakongo. Alisoma Marekani, akafundisha huko, na tangu 1980 alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Alipokwenda Zaire mwaka 1981 Mobutu alimtia ndani kwa sababu ya maandishi yake. Aliongoza CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi ya jamii barani, kuanzia 1992 hadi 1995. Aliandika sana juu ya mbongi, baraza la kijiji la Kikongo ambamo kila mtu husema mpaka jambo liive, na akashikilia kwamba demokrasia ya Afrika ingeanza hapo, kabla ya sanduku la kura.

Alikuja na wenzake wa aina yake. Jacques Depelchin, mwanahistoria aliyewahi pia kufundisha Dar es Salaam. Arthur Z'ahidi Ngoma, aliyewahi kufanya kazi UNESCO. Lunda Bululu, mwanasheria na waziri mkuu wa zamani. Na ukiitazama vita ile kwa makini unaona Mlimani kila upande: Yoweri Museveni, rais wa Uganda, ambaye jeshi lake liliingia Kongo, alisoma pale kati ya 1967 na 1970, Kabila waliyetaka kumwondoa aliishi Dar es Salaam miaka mingi, na mwanawe Joseph alisoma shule za Tanzania. Mji uliofundisha nusu ya Afrika lugha ya ukombozi uliona wanafunzi na wageni wake wakipigana kwa Kiswahili kilekile.

Simwoni Wamba kuwa tapeli. Namwona mtu mkweli aliyedhani baraza linaweza kuzaliwa ndani ya kambi ya jeshi la jirani. Bunduki hazikuwa zake. Zilikuwa za Rwanda na Uganda, na mwenye bunduki hangoji jambo liive. Mei 1999 wenzake wa Goma walimwondoa na kumweka daktari, Émile Ilunga. Mwaka 2000 akaja daktari mwingine, Adolphe Onusumba. Wamba alihamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Agosti 1999, kisha kwa siku 6 mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana katikati ya Kisangani, mji ulio mama wa chuo cha Goma, na mamia ya raia wakauawa na mabomu ya wageni waliokuwa wakigombea mji usio wao. Baada ya amani Wamba akawa seneta. Alifariki Julai 2020. Maandishi yake juu ya mbongi bado yanastahili kusomwa, na ningependa yasomwe Goma kuliko kwingine kote.

Vita vilikuwa bado havijaisha mlima uliporudi. Kituo cha volkano kilikuwa kimechakaa, kikibaki na vituo viwili tu vinavyofanya kazi vya kupimia mitetemeko. Dieudonné Wafula, mtafiti wa Goma, aliziona dalili na kuwaandikia wataalamu wa nje kwamba Nyiragongo inajiandaa. Onyo lake halikupata mwitikio uliostahili. Alhamisi, 17 Januari 2002, mlima ulipasuka upande wa kusini. Ufa ukashuka hadi karibu na Munigi, na lava ikaingia mjini kama mtu anayejua njia. Ilikata barabara ya kutua ndege, ikala kanisa kuu, ikapita katikati ya maduka mpaka ziwani. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo makumi waliolipukiwa na kituo cha mafuta siku chache baadaye. Karibu watu 120,000 walibaki bila nyumba, na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi.

Watafiti wa nje walikuwa na hofu moja kubwa. Chini ya ziwa Kivu zimelala takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Lava ikilitikisa ziwa, pengine lingepumua kama Nyos ya Kamerun, ambayo mwaka 1986 iliua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Ziwa lilitulia. Nao watu wa Goma, ambao wakuu waliwasihi wangoje, walirudi ndani ya siku chache wakitembea juu ya lava ambayo bado ilikuwa ya moto. Walikuta mji umeinuka. Penye ghorofa moja, chini palikuwa pamezikwa na juu ndiko kukawa chini. Wakavunja mawe meusi yaliyokuwa yamewafukuza, wakajengea kuta, na chukudu, zile skuta za mbao, zikayabeba kwenda mitaa mipya. Goma wanayosomea vijana leo imejengwa kwa mawe hayo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 2003 nchi iliunganishwa tena kwa serikali ya mpito, na Azarias Ruberwa wa RCD akawa makamu wa rais Kinshasa. Mwaka 2004 tawi la Kisangani likapewa uhuru wake na kuwa Chuo Kikuu cha Goma, UNIGOM. Miaka 110 tangu Götzen aupande mlima, mji ulikuwa na chuo cha umma chenye jina lake. Kando yake vikastawi vyuo vya ualimu, biashara, ufundi, kompyuta, vingine vikiwa imara, vingine vikiwa chumba na kibao tu.

Vijana wenye masomo na wasio na kazi huuliza maswali. Mwaka 2012, ndani ya mji ulioegemea ziwa kubwa huku akina mama wakipanga mitungi tangu usiku, baadhi yao walianzisha vuguvugu la LUCHA na kudai kitu cha kwanza kabisa: maji. Hawakuchukua silaha, na walifungwa hata hivyo. Fred Bauma, mmoja wao, alikaa gerezani kutoka Machi 2015 hadi Agosti 2016. Mwaka huohuo wa 2012, tarehe 20 Novemba, kundi la waasi la M23 liliuchukua mji kwa siku 11.

Kisha Jumamosi, 22 Mei 2021. Jioni, bila onyo, Nyiragongo ilifunguka tena na lava ikasimama ukingoni mwa mji. Watu 32 walikufa. Siku 5 baadaye, tetemeko baada ya tetemeko, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa mingi ihame, na mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru na Rwanda. Lawama ziliwaangukia watafiti wa kituo. Ni kweli fedha za Benki ya Dunia zilikuwa zimekwisha mwaka 2020 na kituo kikakaa miezi kadhaa hakina hata intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Lakini mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mlipuko ule haukutoa dalili za kawaida: lava ilikuwa tayari karibu na uso, ukuta ukachoka ukapasuka, na vyombo havikuwa na la kusikia isipokuwa muda mfupi kabla. Miongoni mwa walioandika walikuwemo watafiti wa Goma. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kichwani. Tazieff alikuja, akaona, akaandika. Hawa walilala mjini usiku ule na watoto wao, wakatukanwa asubuhi, wakarudi kwenye vipimo.

Jumatatu, 27 Januari 2025, M23 iliingia Goma tena, safari hii ikiwa ndani ya muungano unaoongozwa na Corneille Nangaa, mtu yuleyule aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi iliyomtangaza Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, kuwa mshindi wa kura za 2018. Maiti zililala barabarani kwa siku kadhaa. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Fikiri maana yake kwa chuo kinachoishi kwa minervali inayolipwa benki na kwa profesa anayekuja kwa ndege.

Kambi za Bulengo na Lushagala, ambako maelfu ya familia za Masisi na Rutshuru zilikuwa zimejibana, zilibomolewa mwezi Februari kwa amri ya wakuu wapya. Watu wakafunga matandiko na kuondoka na watoto mgongoni. Hema zilikuwa zimepigwa mpaka karibu na yale mabonde ya mazuku, kwa sababu ndiyo ardhi ambayo hakuna mwenyeji aliyeitaka. Wageni wa kambini walikuwa wamejifunza neno haraka. Mtoto wa Masisi ambaye hajui kusoma alijua kwamba alfajiri hushuki shimoni kuokota kuni, na kwamba ukimwona mbuzi amelala humo, humfuati.